Ua la Tumbaku

Kijiji cha Isambilo kimekaa kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa magharibi wa Tabora. Mababu wa watu wa hapo walipita njia ile na mizigo kichwani, wakaenda pwani na kurudi, na wajukuu wao hawachoki kukukumbusha. Siku za hadithi hii misafara ilikuwa imekwisha zamani. Uhuru ulikuwa umepatikana, watu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, na nyumba zilikuwa zimejengwa kwa mistari. Kijiji kilikuwa na shule, ghala, mabani ya kukaushia tumbaku, na shamba kubwa la tumbaku ambalo kila mtu alilisifia.

Apolinaria hakulisifia sana. Yeye alikuwa na la kwake la kusifia.

Kila asubuhi, akishawapa watoto uji, alifunga kanga kiunoni, akabeba debe, akateremka mbugani. Huko kulikuwa na bustani ya kikundi cha akina mama, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Udongo ulikuwa mweusi, kisima kilikuwa karibu, na matuta yalikuwa yamenyooka. Wapita njia walisimama kuyatazama, na Apolinaria alipenda wasimame. Akiona mtu anapita bila kutazama, alimwita amsalimie, ili ageuze shingo.

Asubuhi moja, mvua zikielekea kukatika, alimkuta mwenzake Marcelina ametangulia. Marcelina alikuwa amesimama katikati ya matuta, mikono kiunoni, kimya. Marcelina alikuwa mtu wa maneno. Akinyamaza, ujue kuna jambo.

Nyanya zilikuwa zimelala. Jana yake zilikuwa zimesimama vizuri na maua yake. Leo majani yalikuwa yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto, na bado yalikuwa ya kijani. Apolinaria aliinama akashika udongo. Udongo ulikuwa na maji ya kutosha. Alitazama pilipili katika matuta ya pembeni, akaona nazo zimeanza kuinamisha vichwa.

"Zimeanza tena," alisema Marcelina.

Hilo neno "tena" ndilo lililomuumiza Apolinaria. Kipande kile zamani kilikuwa kitalu cha miche ya tumbaku. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bundala, ndiye aliyekitoa kwa akina mama. Alikitoa mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi, lakini yeye aliendelea kukiita "kitalu changu". Mara ya kwanza akina mama walipanda nyanya, zikanyauka. Wakasikia redioni kwamba mkulima mzuri hubadilisha mazao, hapandi kitu kilekile kila mwaka. Wakabadilisha, wakapanda nyanya chungu. Zikanyauka. Wakaambiana ardhi imechoka, wakaiacha ipumzike msimu mzima. Walipalilia tu, na kila walipopalilia waliuacha mnavu usimame, maana ni mboga, na mwanamke gani wa Kinyamwezi atang'oa mboga iliyojiotea yenyewe? Kisha wakarudi na nyanya na pilipili. Ndizo hizo, zimelala.

Mzee Bundala alikuwa ameshasema neno lake. Bustani ikishindwa safari hii, kipande kitarudi kwenye tumbaku. Mkutano wa kijiji ulikuwa wiki iliyofuata.

Apolinaria alikaa juu ya debe lake akalia. Aliolewa akiwa kijana, na maisha yake yote alilima mashamba yaliyotajwa kwa majina ya watu wengine: la baba, la baba mkwe, la mume. Bustani hii ilikuwa ya kwanza ambayo watu, wakiitaja, walimtaja yeye. Ikichukuliwa, atarudi kuwa mke wa Sylvester tu. Sylvester alikuwa mume mwema, lakini hilo halikumtosha.

Marcelina alimpa pole, kisha akasema aliyokuwa ameyameza. Watu walikuwa wanasema pale pamefungwa kwa uchawi. Wengine walisema kiongozi wa kikundi ana mkono mbaya, akigusa kitu kinakufa. Apolinaria aliitazama mikono yake. Hakuamini maneno hayo, lakini yalimkaa moyoni.

Adhuhuri ile ile baiskeli ilisikika njiani. Alikuwa Zamda, bibi shamba, binti wa fundi cherehani mmoja wa Tabora mjini. Ukoo wao ulikuwa wa watu wa mjini wa siku nyingi, Waislamu, na Zamda hakutoka bila ushungi wake hata jua liwake namna gani. Alikuwa amesoma chuo cha kilimo akiwa mmoja wa wasichana wachache, na kila Jumatano alasiri alifundisha kilimo katika darasa la kisomo, pale Apolinaria alipojifunzia kusoma.

"Shikamoo, mama," alisema Zamda, akiegemeza baiskeli.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja msibani."

Zamda alivua viatu, akaingia katikati ya matuta. Aling'oa mnyanya mmoja, akaukata shina karibu na mizizi, akaonyesha ndani. Palikuwa na rangi ya kahawia. Akaomba glasi ya maji safi, Marcelina akakimbia kuileta. Zamda alikining'iniza kipande cha shina juu, ncha yake ya chini ikigusa maji, akawaambia wasubiri wala wasitikise.

Punde ukaanza kushuka uzi mweupe kutoka kwenye shina, mwembamba, polepole, kama maziwa yanayodondoka majini. Ukafuata mwingine. Wanawake waliokuwa wameanza kukusanyika walisogea karibu.

"Huyo ndiye mchawi wenu," alisema Zamda. "Anaitwa bakteria. Ni kiumbe hai, mdogo mno, jicho haliwezi kumwona akiwa peke yake. Huo uzi ni maelfu na maelfu yao. Wanakaa udongoni, wanaingia kwenye mizizi, wanaziba mishipa ya maji. Ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji."

Apolinaria alipumua. Basi haukuwa mkono wake. Aliuliza dawa iko wapi. Zamda alimwambia ukweli, kwamba dawa ya kupulizia haipo. Kinachosaidia ni kuwanyima bakteria hao chakula, yaani kupanda pale mazao wasiyoyashambulia, mwaka mmoja na mwingine, mpaka wapungue.

"Lakini tumebadilisha mazao," alisema Apolinaria, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Kulikuwa na tumbaku. Tukaweka nyanya. Tukaweka nyanya chungu. Tukapumzisha. Sasa ni nyanya na pilipili. Tubadilishe mara ngapi?"

Zamda aliyahesabu moyoni mwake, akatikisa kichwa. "Mama, hamjabadilisha. Mlimtoa nyanya, mkawaleta shangazi zake."

Hakueleza zaidi. Aliwaambia waje darasani alasiri, na kila mmoja aje na tawi la mmea wowote wenye ua au tunda. Wakasema bibi shamba leo ana mambo, lakini wote walikuja.

Meza ya mwalimu ilijaa majani. Kulikuwa na nyanya, nyanya chungu, pilipili, maharage, kunde, bua la hindi, mtama, boga, mnavu, na tawi la ndulele lenye miiba ambalo Marcelina alilileta kwa ubishi tu, kwa sababu aliambiwa mmea wowote. Zamda aliwaomba wapange mimea ile kwa makundi wanavyoona wao.

Haikuchukua muda, maana hakuna mpishi asiyejua kupanga. Nyanya na pilipili wakaziweka pamoja, kwa kuwa ni viungo. Nyanya chungu, boga na mnavu wakaviweka pamoja, kwa kuwa ni mboga. Maharage na kunde pamoja. Mahindi na mtama pamoja, kwa kuwa ni ugali. Ndulele ikabaki peke yake chini ya meza, kwa kuwa ni kitu cha porini, kinachoma, na hakiliwi.

Zamda alisema mpangilio ule ni mzuri sana kwa mpishi. Lakini ugonjwa haupiki. Ugonjwa haujui kipi ni kiungo na kipi ni mboga. Unaangalia mwili wa mmea ulivyo. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa viumbe hai naye lazima aangalie mwili, siyo kazi tunayowapa viumbe hao.

"Sasa sahauni chungu," alisema. "Angalieni maua. Mtu asiniambie mmea ni wa nini. Aniambie umeumbwaje."

Wanawake wazima waliinamia maua madogo kama watu wanaotafuta sindano. Apolinaria alichukua ua la nyanya, la manjano. Halafu la nyanya chungu. Halafu la pilipili. Akayaweka kiganjani. Akainama chini ya meza, akachuma ua la ndulele, la zambarau, akaliweka na yale mengine. Mwisho akaongeza kiua cheupe cha mnavu. Rangi zilikuwa tofauti na ukubwa ulikuwa tofauti. Hata hivyo aliona kitu.

"Yote yana ncha tano," alisema. "Na vijani vya ua havikuachana. Vimeshikana chini kama kikombe. Katikati vimesimama vijiti vitano vya unga. Halafu tazameni hiki kikofia cha kijani. Kipo kwenye ua, na tunda likikomaa kinabaki nalo. Nyanya inacho. Nyanya chungu inacho. Hata hii ndulele inacho."

Zamda alimwambia akate matunda. Akakata. Ndani ya yote mlikuwa na mbegu nyingi ndogo, bapa. Akalinganisha na ua la haragwe, lenye mabawa mawili kama kipepeo, na tunda lake ni ganda refu. Akalinganisha na hindi, lisilo na ua la rangi, ila mbelewele juu na ndevu kwenye gunzi, na majani yake yana mistari inayokwenda sambamba. Hayo hayakufanana kabisa na yale ya kiganjani. Apolinaria alikusanya nyanya, nyanya chungu, pilipili, mnavu na ndulele, akaviweka mahali pamoja. Hakuna aliyemfundisha. Alifanya mwenyewe, kwa macho yake, na alijisikia mrefu kuliko mlango wa darasa.

"Mama Apolinaria, ulichofanya sasa hivi ndicho wanachofanya wataalamu wa viumbe hai," alisema Zamda. "Kazi hiyo inaitwa uainishaji."

Kisha akawaeleza taratibu. Aliuliza nyumba ya Marcelina iko wapi. Marcelina akasema iko katika nyumba kumi za balozi fulani. Nyumba kumi ziko katika kijiji, kijiji katika kata, kata katika tarafa, tarafa katika wilaya, wilaya katika mkoa. Mgeni akitoka Igunga akiwa na maelezo hayo atafika mpaka mlangoni. Wataalamu nao wamevipangia viumbe vyote utaratibu wa namna hiyo. Viumbe wa aina moja, wanaozaana wao kwa wao, ni spishi. Spishi zinazokaribiana sana huwekwa katika jenasi moja. Jenasi zinazokaribiana huwekwa katika familia moja, kama ukoo. Familia nazo huingia katika makundi makubwa zaidi, mpaka kwenye himaya: himaya ya mimea, himaya ya wanyama, na bakteria nao wana yao, kwa sababu si mimea wala wanyama. Kila spishi ina jina la Kilatini, ili mtaalamu wa Tabora akisema neno, mwenzake wa nchi nyingine ajue ni kiumbe kipi. Familia ya nyanya inaitwa Solanasea.

Mama mmoja aliuliza kama wataalamu hao hawakosei. Zamda alicheka. Alisema wanabishana sana. Nyanya yenyewe wengine wanaiweka jenasi moja na nyanya chungu, wengine wanaiweka jenasi ya jirani. Wakipata ushahidi mpya wanahamisha. Lakini kwamba ukoo ni mmoja, hapo hakuna ubishi.

Marcelina alikuwa ametega sikio. Aliuliza popo yuko ukoo gani, maana anaruka. Zamda akamuuliza popo anatotoa au ananyonyesha. Marcelina akafikiri, akasema ananyonyesha, tena ana meno na manyoya. Basi, alisema Zamda, yuko na mbuzi na mbwa na sisi wenyewe, siyo na kuku. Marcelina alisema hakupenda kuambiwa ana ndugu kama huyo, darasa likaangua kicheko.

Apolinaria hakucheka sana. Alikuwa na swali lake. "Na faida yake nini, mwanangu? Mbali na kujua."

"Ukijua ukoo wa kiumbe, unajua mengi juu yake kabla hujaambiwa," alijibu Zamda. "Mnyauko huu ukiua nyanya, unajua utawatafuta pia ndugu zake. Nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo. Mnavu na ndulele nazo humfuga bakteria yule humohumo, hata pale mnapodhani ardhi imepumzika. Na tumbaku."

Darasa zima lilinyanyua vichwa. Zamda alirudia, kwamba tumbaku ni ya ukoo ule ule. Kitalu cha Mzee Bundala kilikuwa na ndugu wa nyanya tangu mwanzo, na huenda ugonjwa ulianzia humo. Akasema zaidi, kwamba nyanya, pilipili na tumbaku asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari, na zilifika huku mikononi mwa wasafiri na wafanyabiashara. Nyanya chungu ni ya Afrika, ilikuwa hapa hapa. Ndugu hao walitengana kwa bahari miaka isiyohesabika, wakaja kukutana katika matuta ya Isambilo. Wanawake walilipenda jambo hilo. Walikuwa wenyewe wametoka huku na huku wakakutanishwa kijiji kimoja.

Jioni Apolinaria alimweleza mumewe. Sylvester alikuwa katika kamati ya tumbaku, na alisikiliza yote vizuri mpaka lilipotajwa zao lake. Hapo akaweka kijiko chini. Alisema nyanya ni nyanya na tumbaku ni tumbaku. Tumbaku haina tunda la kula, haina kikofia, na ua la ncha tano hajawahi kuliona, naye ameilima tangu ujana. Kesho yake Mzee Bundala aliposikia, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akaitikia shikamoo ya Apolinaria, akasema kwa upole kwamba bibi shamba ni mtoto wa mjini na amechanganya mambo. Kamati imekwisha amua. Kitalu chake kitapandwa tumbaku mvua zikianza.

Zamda alikuwa ameshaondoka. Aliitwa kwenye mafunzo Igunga, asingerudi kabla ya mkutano. Apolinaria alibaki na maneno bila ushahidi. Alizunguka shamba lote la tumbaku akitafuta ua moja tu. Hakuliona. Na hapo ndipo alipoelewa jambo. Wakulima wa tumbaku hukata kichwa cha mmea mara kinapojitokeza, kabla hakijachanua, ili nguvu iende kwenye majani. Mbegu wanaletewa. Watu wa Isambilo walikuwa mabingwa wa kukata vichwa, hawakuruka hata mmea mmoja. Mzee Bundala na Sylvester hawakuwa waongo. Walikuwa wakulima hodari mno kiasi kwamba hawakuwahi kuacha ua lifunguke.

Alitafuta ambako wakulima hodari hawafiki. Nyuma ya bani, penye majivu na takataka, mbegu moja ilikuwa imejiotea. Mmea ulikuwa mbovu, majani yamechanikachanika, lakini juu yake kulikuwa na shada la maua marefu ya rangi ya waridi hafifu. Apolinaria alilishika moja kwa vidole viwili. Lilikuwa refu kama tarumbeta, ndiyo maana alisita. Kisha akalitazama mdomo. Ncha tano. Akalipasua kwa ukucha. Vijiti vitano. Chini, kikofia cha kijani. Alicheka peke yake pale jalalani, akaenda kumwita mumewe.

Sylvester alilitazama ua lile kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kuna jambo kamati haijalitangaza. Mistari ya tumbaku inayopakana na bustani ilikuwa inanyauka. Walidhani ni maji kutuama. Aliona haya, lakini alilisema, na Apolinaria alimpenda kwa hilo.

Siku ya mkutano watu walijaa mbele ya ghala. Mzee Bundala alipofika kwenye habari ya kitalu, Apolinaria alisimama. Aliomba meza, glasi tatu na maji, na watu wakadhani anataka kunywa.

Kwanza alipitisha maua. Alianza na la nyanya, akafuatisha la nyanya chungu na la ndulele, mwisho la tumbaku. Aliwaambia wahesabu ncha wenyewe, wapasue wenyewe, watafute kikofia wenyewe. Mzee Bundala alishika ua la tumbaku kwa heshima kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mgeni. Aliuliza limetoka wapi. Akaambiwa nyuma ya bani lake.

Kisha Sylvester alikuja mbele ya watu wote na mashina matatu: la mnyanya, la tumbaku iliyonyauka, na la hindi. Apolinaria alining'iniza kila moja katika glasi yake. Kwenye glasi ya mnyanya ulishuka uzi mweupe. Kwenye glasi ya tumbaku nao ukashuka, uleule, mweupe, polepole. Maji yenye shina la hindi yalibaki safi.

"Mzee wangu," alisema Apolinaria, "mimi sipiganii nyanya peke yake. Ukipanda tumbaku pale, itakufa pia. Mnyauko haujui kwamba tumbaku ni mali ya kijiji na nyanya ni ya akina mama. Unajua ukoo tu. Tupeni misimu mitatu. Tutapanda mahindi, kisha mtama, kisha mahindi. Hayo ni ukoo wa nyasi, hayahusiani na hawa. Mnavu tutaung'oa, tuupande nyumbani. Ndulele tutazichoma. Na majembe yatakayotumika pale yaoshwe kabla ya kwenda kwenye tumbaku yenu."

Mzee Bundala alizitazama glasi. Alikuwa mkaidi, hakuwa mjinga. Alisema kwamba babu yake alibeba pembe mpaka pwani na kurudi, na hakuwahi kurudi nyumbani kwa njia aliyokwisha kuambiwa ina simba. Akaamua kipande kibaki kwa akina mama, na kitalu cha tumbaku kihamishwe mbali. Makofi yalipigwa, na Marcelina alipiga vigelegele peke yake mpaka wengine wakaona aibu wakamsaidia.

Misimu mitatu si kitu kidogo kwa mtu anayependa nyanya. Mahindi yalistawi, mtama ukastawi, mahindi tena yakastawi, na kila kijani cha mnavu kilichochungulia kiling'olewa. Zamda alishauri wajaribu kwanza matuta machache. Wakajaribu. Apolinaria aliteremka kila asubuhi roho mkononi. Nyanya zilichanua, zikasimama. Zikafunga matunda, zikasimama. Zilipoanza kuwa nyekundu, aliwaita wapita njia kuwasalimia, hata wale aliokuwa ameshawasalimia.

Mwaka uliofuata kijiji cha Isambilo kilipeleka mazao kwenye maonyesho ya Saba Saba, Tabora mjini. Vijiji vingine vilipanga meza zao kama kawaida, viungo huku, nafaka kule, tumbaku peke yake mahali pa heshima. Meza ya Isambilo ilishangaza watu. Nyanya, nyanya chungu, pilipili na tawi la ndulele vilikaa pamoja, na juu yake Apolinaria alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: UKOO MMOJA. Katikati ya ukoo huo palikuwa na kopo lenye mmea wa tumbaku ambao haukukatwa kichwa. Ulikuwa umechanua vizuri. Mzee Bundala ndiye aliyeuotesha kwake, akaumwagilia, akaubeba mapajani katika lori mpaka mjini, na hakumruhusu mtu aushike.

Mgeni mmoja, mkulima kutoka vijiji vya mbali, alisimama mbele ya meza ile muda mrefu. Aliuliza nyanya nzuri namna ile zimetoka shamba la nani.

Apolinaria alikuwa anafungua kinywa ajibu, lakini Mzee Bundala alimtangulia. Alivuta koti lake likae sawa.

"Zimetoka shamba la Apolinaria na wenzake," alisema. "Mimi nimeleta ua tu."